Tumekubaliana nini hasa? Maamuzi ya mdomo na mifumo ya Sako zetu

Mfumo wa kompyuta wa Sako, yaani chama cha kuweka akiba na kukopeshana, ukifeli hapa Uganda lawama inaenda moja kwa moja kwa vijana wa kompyuta, ati hawajui kazi, ati intaneti, ati umeme. Sawa, intaneti huwa mbovu na umeme tunaujua. Lakini ukiifungua hiyo mifumo ukaangalia inafanya nini ndani, mara nyingi programu yenyewe haina ugonjwa, inafanya kile ilichoambiwa, shida ni kwamba hicho ilichoambiwa hakuna mdau aliyekiamua. Aliamua developa, yule anayeandika programu, usiku, peke yake, manake alifika mahali mashine inataka namba na kwenye notisi zake kulikuwa kumeandikwa "muda kidogo".

Hapa kwetu uamuzi wa kweli hauchukuliwi mkutanoni. Mkutanoni kuna sala ya kufungua, kuna ajenda, kuna kumbukumbu anazoandika katibu kwa Kiingereza, kuna soda. Uamuzi wenyewe unakuja baadaye watu wakiwa wamesimama barazani wanasubiri mvua ipungue, mwenyekiti anamvuta mhazini pembeni, wanaongea Luganda kidogo na Kiswahili kidogo, alafu jioni mhazini anakutumia voisi ya dakika nne huku kuku wanalia nyuma, na ndani ya hizo dakika kuna salamu, kuna habari za mgonjwa, na kuna sentensi moja tu inayobadilisha hesabu ya mikopo ya watu wote. Ukiisikiliza ukiwa kwa boda umeipoteza.

Kuna watu wa fani yetu ya kutengeneza mifumo wanaodharau hii. Wanasema wadau wa Uganda "hawajui wanachotaka". Si kweli bana. Wanajua vizuri sana, ila wanajua kwa namna ya watu wanaofahamiana. Mwenyekiti akisema "mwanachama akichelewa mpeni muda kidogo", mhazini mwenye kaunta buku yake anajua kabisa maana yake: mwalimu ambaye mshahara haujaingia atapewa hadi uingie, muuza matoke atapewa hadi siku ya soko, na yule jamaa ambaye kila mwezi ana hadithi mpya hapewi hata siku moja. Huo ni uamuzi kamili, una akili ndani yake kuliko sheria nyingi zilizoandikwa. Unafanya kazi mradi aliyeutoa na anayeutekeleza ni watu walewale wawili. Siku mnaweka mashine katikati, mashine haimjui mwalimu.

Sasa hapo ndo wengi tunakimbilia kosa la pili, tunadhani dawa ya kila neno lisilo wazi ni namba. "Muda kidogo" inageuzwa siku 7, "faini ndogo" inageuzwa 5,000, tumemaliza, kazi inawekwa alama kwamba imeisha. Alafu mfumo unaanza kazi, mwalimu anapigwa faini siku ya 8 asubuhi, mhazini anaona aibu, anachukua hela mkononi anaandika pembeni kwenye kitabu ili asimwumize mtu, wiki ijayo anafanya hivo kwa mwingine, na baada ya muda kitabu ndo ukweli na mfumo ni mapambo ya kuonyesha wageni. Watu wakiona Sako imerudi kwenye kaunta buku wanasema wazee wanaogopa teknolojia. Wazee hawakuogopa kitu. Mfumo uliwanyang'anya mamlaka waliyokuwa nayo ya kusamehe na haukuwauliza.

Kwa hiyo mimi naona kazi ya kugeuza maneno ya wadau kuwa mahitaji ya mfumo, yaani orodha ya kile mfumo unatakiwa kufanya, inaanza na kuchambua hili: hii sehemu isiyo wazi, inatakiwa iwe namba au inatakiwa iwe mtu? Kama ni namba, ulizia namba. Kama ni mtu, basi hitaji lako halisemi siku ngapi, linasema nani anaruhusiwa kusamehe faini, hadi kiasi gani bila kuuliza mwenzake, na akisamehe mfumo unaandika nini, jina lake na sababu yake, ili kwenye mkutano mkuu wanachama wakiuliza jibu liwepo. Hiyo ya mwisho wazee wenyewe wanaipenda sana, manake inawalinda na maneno ya "mhazini anawapendelea ndugu zake". Nimeona kamati ikibishana nusu saa kuhusu siku 7 au 10 alafu swali likageuzwa kuwa "nani asamehe" na ubishi ukaisha hapohapo.

Zile za namba nazo zina mtego wake, na mtego mkubwa ni riba. Kamati inasema "riba ni asilimia 2 kwa mwezi" na kila mtu chumbani anatikisa kichwa, mpaka karani. Hakuna wa kupinga manake hakuna cha kupinga, asilimia 2 ni asilimia 2. Ngoja uweke hela. Mtu amekopa milioni moja, anarudisha kwa miezi 10, kila mwezi laki moja ya mkopo wenyewe pamoja na riba. Kama riba inahesabiwa juu ya ile milioni ya mwanzo mpaka mwisho, kila mwezi ni 20,000, jumla 200,000. Kama inahesabiwa juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza ni 20,000, wa pili 18,000, inashuka hivo mpaka mwezi wa kumi ni 2,000, jumla yake 110,000. Tofauti ni shilingi 90,000 kwa mkopo mmoja tu. Sasa peleka hizo jumla mbili kwa kamati uone. Chumba ambacho dakika tano zilizopita kilikuwa kimekubaliana kinagawanyika katikati, mwenyekiti alikuwa anafikiria hii, mhazini alikuwa anafikiria ile, na wote walikuwa wametikisa kichwa.

Huo ndo msimamo wangu kwa kifupi: hitaji zuri ni lile ambalo mdau anaweza kulikataa. Ukimpelekea "mfumo utahesabu riba kwa usahihi" atakubali, hata adui yako atakubali. "Mfumo uwe rahisi kutumia", atakubali. Ukimpelekea 200,000 au 110,000 atashtuka kwenye kiti, atasema "hapana hapana, ngoja kwanza", na hiyo hapana ndo ulikuwa unaitafuta tangu asubuhi.

Kwa vitendo haihitaji fomu kubwa wala templeti ya kurasa 40. Meseji inatosha, ila iandikwe vizuri. Tuseme simu imepigwa jana, mwenyekiti amesema wachelewaji wapewe wiki. Leo asubuhi unamwandikia hivi:

"Habari za leo mzee. Kuhusu faini tuliyoongea jana. Mwanachama akifika tarehe yake bila kulipa, mfumo unamsubiri siku 7, Jumapili na sikukuu zinahesabiwa. Siku ya 8 inaingia faini ya 5,000, mara moja tu kwa huo mwezi, hata akichelewa wiki tatu. Mfano: wa tarehe 5 Machi akilipa tarehe 12 hana faini, akilipa tarehe 13 anayo. Mhazini peke yake ndo anaweza kuifuta na lazima aandike sababu. Ni hivyo, au kuna pa kurekebisha?"

Angalia kilicho ndani. Jumapili hakuna mtu aliyeitaja kwenye simu, wewe ndo umeileta, makusudi, ili akatae. "Mara moja tu" pia hakuitaja. Tarehe 12 na 13 zipo pale kwa sababu ugomvi wote wa siku huwa unatokea kwenye ile siku ya ukingoni, ya 7 imo au haimo. Na mwishoni umeuliza, hukutangaza. Mzee akijibu "faini iwe kila wiki", vizuri sana, umepata kwa meseji moja kitu ambacho ungekipata mwezi wa sita kwa matusi.

Kuna wanaomalizia meseji kama hiyo na "usipojibu hadi Ijumaa nitachukua kwamba umekubali". Mimi kwa mambo ya rangi ya skrini au nembo ikae kushoto au kulia sina neno, endelea. Kwa hela za watu, sikubali. Kunyamaza kwa mzee kunaweza kuwa bando imeisha, kunaweza kuwa yuko shambani, kunaweza kuwa hajapenda lakini heshima inamzuia kukuambia kwa maandishi na anasubiri akuone uso kwa uso. Akinyamaza, mpigie. Ukimaliza kuongea, andika tena.

Usidhani hili ni tatizo la Sako za Uganda peke yake. Wale jamaa wa IETF wanaotengeneza kanuni za jinsi intaneti inavyoongea hawapigi kura kwenye vikao vyao, mwenyekiti wa kikundi akitaka kupima hali ya chumba anawaambia wanaokubali wagune, "mmm", alafu wanaopinga nao wagune, anasikiliza. Kabisa, wahandisi wazima. Mwaka 2014 waliandika hata waraka mzima wa kueleza huo mguno una maana gani na hauna maana gani, na maelezo yake ni kwamba mguno si kura, unaonyesha tu majadiliano yaanzie wapi, cha muhimu ni kama hoja ya anayepinga imejibiwa. Na kanuni yao ya vikundi ya mwaka 1998 inasema kilichoonekana kukubalika chumbani lazima kipelekwe kwa maandishi kwa wote, wakiwemo ambao hawakuwepo, wakithibitishe. Kwa hiyo kugunia uamuzi si ushamba. Ushamba ni kuanza kuandika programu mguno ukiwa bado unasikika.

Na kuandika peke yake hakutoshi. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kikifika sayari ya Mars, na sababu ni kwamba programu ya mkandarasi ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza wakati upande wa pili ulizisoma kama vipimo vya metriki, tofauti ya zaidi ya mara nne. Hitaji lilikuwa limeandikwa, lilisema metriki. Hakuna aliyechukua namba moja kutoka upande huu akaihesabu upande ule kuona kama zinafanana. Ndo maana nang'ang'ania mfano wenye tarehe na hela ndani ya hitaji lenyewe: ule mfano wa tarehe 12 na 13 unaanza kama swali kwa mzee, mzee akishakubali unakuwa jaribio la mfumo, developa anaweka hizo tarehe mbili anaona faini imeingia au haijaingia. Hakuna kazi ya ziada.

Najua vijana watanijibu na ejaili, ule mtindo wa kutengeneza programu kidogo kidogo huku mteja akiiona. Manifesto yao ya 2001 inasema programu inayofanya kazi inazidi nyaraka ndefu, kwa hiyo mzee wacha kutupotezea muda. Wasome mpaka chini basi. Wale watu waliandika pia kwamba vitu vya upande wa kulia, kama hizo nyaraka, vina thamani, ila vya kushoto, kama hiyo programu, vina thamani zaidi, na mtindo wao ulidhani mteja anakaa na nyie karibu kila siku. Mwenyekiti wa Sako ya wakulima wa kahawa kule upande wa Mbale hakai na wewe kila siku, msimu wa mavuno humpati hata kwa simu. Ukimwonyesha skrini nzuri atasema nzuri. Skrini haimwonyeshi 90,000.

Sasa pesa ya simu, hapo ndo sentensi moja ya mdau inabeba maamuzi mengi kama boda iliyopakia familia nzima. "Wanachama walipe kwa simu." Haya. Mwanachama akituma 50,000, ile chaji ya mtandao inamkata nani, yeye au Sako? Kwenye akaunti yake tuandike 50,000 au kile kilichofika? Alafu menyu ikikatika katikati, hela imetoka kwa simu yake lakini jibu la mtandao halijarudi kwetu, tumwambie umelipa, hujalipa, au subiri? Kama hilo la tatu halijaandikwa basi mfumo utamwambia "imeshindikana", atatuma tena, na jioni mhazini ana mtu aliyelipa mara mbili amekasirika. Na viwango visichomekwe ndani ya programu, mnakumbuka kodi ya pesa ya simu ya 2018, ilianza kwa asilimia 1 mwezi Julai na kabla mwaka haujaisha ilishashushwa hadi asilimia 0.5 ya kutoa pesa tu. Aliyekuwa ameifunga ndani ya programu yake alifanya kazi mara mbili.

Pia "tumtambue mwanachama kwa namba yake ya simu". Yake ipi? Kuna mama anatumia laini ya mume, kuna kijana laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake. Ukiuliza tu "watu wawili wanaweza kuwa na namba moja?" kamati yenyewe itakutajia majina. Wengine watasema basi tuchukue NIN, zile herufi na namba 14 za kitambulisho cha taifa, na tarehe ya kuzaliwa, na jina la mke, na picha, na kijiji, chukua zote tu tutazihitaji. Hapo usiandike. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2019 na inadai ukusanye kinachohitajika kwa kazi husika na mwenye taarifa ajue, kwa hiyo kila sehemu ya fomu ina swali lake, hii ni ya nini na nani ataiona. Na zile voisi zenye majina ya wadaiwa mlizohifadhi kwenye grupu ya WhatsApp yenye watu 30, hizo nazo ni taarifa za watu.

Siku hizi kuna na wanaotupia voisi kwenye AI, akili bandia, inawatolea orodha safi ya mahitaji. Mimi sina ugomvi nayo kwa kuandika yaliyosemwa kwenye voisi, ingawa voisi yenye Luganda, Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja inaichanganya. Tatizo langu ni usafi. Uamuzi ulikuwa na matundu, orodha haina matundu, nani ameyaziba? Angalau developa wa usiku ule alijua kwamba amebuni.

Lugha pia iangaliwe. Kama kamati iliamua kwa Kiswahili, mpelekee kwa Kiswahili, kama ni Luganda mtafute mtu aandike Luganda. Hati ya Kiingereza mhazini ataisaini bila kuisoma, kwa heshima tu, na saini ya hivo haimfungi hata yeye mwenyewe moyoni. Hati ya Kiingereza ya developa na ya mkataba ije baadaye, itoke kwenye ile iliyokataliwa na kurekebishwa.

Na nani analipia haya yote? Mikataba yetu mingi inahesabu skrini na moduli, saa za kumpigia mzee simu mara tatu hazimo, kwa hiyo kampuni inayofanya hivi vizuri inaonekana ghali na ya taratibu mbele ya ile inayoonyesha demo wiki ya pili. Mimi ningeweka mstari wake kwenye kotesheni, kabisa, na jina lake na bei yake, mteja akiufuta aufute akijua amefuta nini.

Limebaki la mamlaka, na hili naona watu wanaliruka sana. Msimu wa fizi za shule, mwezi wa pili hivi, mikopo inaombwa kwa fujo, mwenyekiti anakupigia jioni: "Kijana, shusha riba iwe moja na nusu, watu wanalia." Unamheshimu, ni mzee, ndiye anayesaini cheki yako. Lakini kama katiba ya Sako inasema riba inapangwa na mkutano mkuu, alichokupa ni ombi, hata likiwa kwa sauti ya amri. Muulize kwa adabu: mzee, hii imepita kwa kamati au nipeleke kwa katibu iingie kwenye ajenda? Kila hitaji kwenye orodha yako liwe na jina la aliyeamua, cheo alichoamulia nacho, na tarehe, manake kamati hubadilika kwenye uchaguzi na kamati mpya itakuja kukuuliza hii asilimia ilitoka wapi. Na ikishapita kihalali bado kuna swali ambalo hakuna atakayekuletea mwenyewe: riba mpya inaanza tarehe gani, na wale ambao tayari wana mikopo, wanabaki na ya zamani au wanahamia mpya? Liulize siku hiyohiyo wote wakiwepo. Mhazini atasema wabaki, mwenyekiti atasema wahame wote, na walikuwa wamekaa meza moja.